Ujifunzaji wa Ushirikiano katika Hisabati ya Sekondari

Ujifunzaji wa ushirikiano ni utaratibu ambamo wanafunzi wachache, aghalabu wanne au watano, hupewa kazi moja kwa namna ambayo hakuna anayefaulu ikiwa wenzake wameshindwa, na bado kila mmoja hupimwa peke yake. Masharti hayo mawili ndiyo yanayoutenga na mbinu shirikishi, istilahi iliyozoeleka zaidi Tanzania tangu mtaala wa sekondari wa 2005. Mbinu shirikishi ni pana: maigizo, ziara, hata maswali na majibu yamo. Wanafunzi sita wakizunguka dawati, mmoja akakokotoa na watano wakanakili, somo huitwa shirikishi, lakini ushirikiano haupo. Mtu wa Usambara huenda akafikiria msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wala hakosei sana, ila katika msaragambo hakuna anayetahiniwa barabara ikiisha kulimwa.

Njia za ujifunzaji wa ushirikiano hazilingani. Ile ya vipande, aliyoibuni Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, humpa kila mwanafunzi sehemu ya somo. Wenye sehemu moja hukutana kuichambua, kisha kila mmoja hurudi kuwafundisha wenzake. Katika historia huenda vizuri. Katika hisabati hukwama mara nyingi, kwa kuwa hatua moja husimama juu ya nyingine. Chukua mfano wa kutafuta umbali katika mada ya Dunia kama tufe, kidato cha tatu: Tanga iko takriban 5°04′ kusini na Dar es Salaam 6°48′, longitudo zikiwa karibu sawa. Tofauti ni dakika 104, yaani maili 104 za baharini, kama kilomita 193. Aliyegawiwa umbali hana la kufanya mpaka aliyegawiwa latitudo amalize. Vipande hufaa zaidi kwa wastani, modi na mediani, ambazo kila moja hujitegemea.

Kwa mada ambazo hatua zake hutegemeana, afadhali timu za ufaulu za Robert Slavin, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwalimu hufundisha kwanza, timu ya wenye uwezo tofauti hufanya mazoezi pamoja, kisha jaribio huwa la kila mtu na karatasi yake. Timu hupata pointi kwa jinsi kila mmoja alivyopanda juu ya wastani wake wa awali, hivyo aliyetoka 20 hadi 35 huichangia timu zaidi kuliko aliyebaki palepale kwenye 80.

Nyepesi kuliko zote ni ya Frank Lyman, ya 1981: fikiri peke yako, jadilianeni wawili, elezeni darasa. Madawati hayasogezwi, na hilo si dogo darasa likijaa. Tena, kwa kuwa hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, wawili hao hupata nafasi ya kuulizana kwa Kiswahili kabla ya kusimama mbele ya wote. Lakini haina kipimo cha mmoja mmoja, kwa hiyo istilahi ikishikwa kikamilifu, njia hii imo nusu tu.