Wapangaji wa Shamba la Bibi

Ratiba ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina kichekesho ambacho hakuna anayekicheka tena, maana kimezoeleka. Kila msimu Simba na Yanga zinapokutana, timu moja huandikwa mwenyeji na nyingine mgeni. Mwenyeji huuza tiketi na kuhesabu mapato ya mlangoni. Mgeni husubiri kupangiwa muda wa mazoezi. Kisha wote wawili huondoka kwenye makao makuu yao yaliyo Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mwendo wa dakika chache kwa mguu kutoka moja hadi jingine, na kuelekea Temeke kwenye uwanja ambao si wa mwenyeji wala wa mgeni. Ni wa serikali.

Soka la Dar es Salaam limesimuliwa sana kama ugomvi wa ndugu wawili, na ugomvi huo upo kweli. Lakini kuna upande wake ambao haupewi nafasi vijiweni: kwa takriban miaka 90 ndugu hao wamegombana ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Mwanzo wake ni jiji lililogawanywa na wakoloni. Wazungu walikaa upande wa bahari, wakacheza gofu na kriketi Gymkhana. Waafrika walipangiwa Kariakoo na Ilala, ng'ambo ya eneo la wazi la Mnazi Mmoja. Huko hakukuwa na jukwaa wala chumba cha kubadilishia nguo, ila viwanja vya vumbi. Katika mazingira hayo ndipo Young Africans, yaani Yanga, ilipozaliwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata kundi la wanachama lilijitenga na kuunda timu yake. Sababu za mfarakano huo zina wasimulizi wengi, na kila msimulizi ana upande wake. Kisichobishaniwa ni kwamba timu hiyo mpya ilibadilisha majina mara kadhaa, ikaitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikaitwa Sunderland, mpaka mwaka 1971, wimbi la kuachana na majina ya kigeni lilipovuma, ikawa Simba.

Klabu za enzi hizo hazikuwa za mpira peke yake. Palikuwa mahali pa kukutana, kuchangiana wakati wa msiba na kuzungumza siasa mbali na masikio ya serikali. Wazee wa Yanga hadi leo hujivunia kwamba waliokuwa Yanga na waliokuwa katika chama cha TANU mara nyingi walikuwa watu walewale. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba uwanja mkubwa wa jiji ulipopata siku yake kubwa kuliko zote, haikuwa siku ya mechi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa katika Uwanja wa Taifa na ya Tanganyika ikapandishwa. Mgeni kutoka kwa Malkia alikuwa mumewe, Mwanamfalme Philip.

Tangu usiku ule uwanja ulikuwa na kazi mbili, ya dola na ya mpira, na dola ndiye aliyeshika funguo. Sherehe za kitaifa, gwaride, mapokezi ya marais na halaiki za watoto wa shule vilikuwa na nafasi ya kwanza. Ligi ililazimika kujipenyeza katikati.

Na ligi yenyewe ilianza 1965. Sunderland ilichukua ubingwa wa mwaka huo na wa 1966. Mwaka 1967 ulikwenda kwa Cosmopolitan, timu nyingine ya Dar es Salaam ambayo vijana wa leo hawaikumbuki, kisha Yanga ikatwaa mataji matano mfululizo, 1968 hadi 1972. Msimu wa kwanza wa mfululizo huo, tarehe 1 Juni 1968, Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Kipigo hicho kilikuwa deni, na mashabiki wa pande zote mbili walilitunza kwenye kumbukumbu kwa uangalifu ambao wahasibu wa klabu hizo wangeuonea wivu.

Kabla ya deni kulipwa, mechi iliyotajwa kwa miaka mingi kuwa kali kuliko zote za watani ilichezwa mbali kabisa na Dar es Salaam. Agosti 1974 Simba na Yanga zilikutana katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua bingwa. Simba iliongoza kwa bao la Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaipa Yanga ushindi wa 2-1. Wana Kariakoo waliobaki nyumbani waliifuata mechi kwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa uwanja wa pili wa taifa, na kwa watu wengi wa mikoani ulikuwa uwanja wa pekee. Watangazaji wa baadaye kama Ahmed Jongo na Charles Hilary waliwafanya watu wasiowahi kufika Temeke wajue ni upande gani wa jukwaa hukaa wekundu na upande gani hukaa wa kijani na njano.

Miaka miwili baada ya Mwanza, Yanga ilipasuka. Kundi la wachezaji na wanachama liliondoka na kuanzisha Pan African, timu ambayo ingekuja kuwa bingwa wa nchi mwaka 1982. Simba haikusubiri jirani azibe nyufa. Tarehe 19 Julai 1977 ilishinda 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Deni la 1968 lilikuwa limelipwa na riba juu. Ushindi huo ulikuwa sehemu ya ubabe wa Simba, iliyochukua ubingwa kila mwaka kuanzia 1976 hadi 1980.

Lakini uwanja wa kupanga hauna huruma kwa mtu. Mwaka 1979, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Simba hiyohiyo ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers mbele ya watu wake jijini. Wengi waliona safari imekwisha. Ikaenda Zambia na kushinda 5-0. Mwaka 1993 mambo yakaja kinyume: katika fainali ya Kombe la CAF ilitoka sare ya 0-0 ugenini Abidjan dhidi ya Stella, jiji likajiandaa kwa sherehe, na Boli Zozo akaizima kwa kuifunga Simba 2-0 hapohapo Uwanja wa Taifa. Kwa watu wa Simba waliokuwepo, jina hilo bado halitajwi mezani.

Uwanja wenyewe ulikuwa umechakaa kufikia miaka hiyo. Jina la utani la Shamba la Bibi lilikuwa limeushika, nalo lilifaa kwa namna mapato yalivyokuwa yakivunwa na kila mwenye mkono mrefu huku mwenye jasho, yaani mchezaji, akiambulia nauli. Oktoba 1999 mwili wa Mwalimu Nyerere ulilazwa pale ili wananchi wamuage. Foleni ya siku zile haikuwa na upande wa Simba wala wa Yanga.

Rais Benjamin Mkapa ndiye aliyesukuma ujenzi wa uwanja mpya kando ya ule wa zamani. Ulijengwa na kampuni ya Kichina, Beijing Construction Engineering Group, kwa msaada wa serikali ya China, ukafunguliwa 2007 ukiwa na viti 60,000. Ule wa zamani ukapewa jina la Uhuru, na huu mpya ukarithi jina la Taifa hadi Julai 2020, Mkapa alipofariki na ukaitwa kwa jina lake. Tarehe 7 Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, Brazil ya Kaká na Robinho ilikuja hapa na kuifunga timu ya taifa, Taifa Stars, 5-1. Bao la Jabiri Aziz linasimuliwa kwa kirefu kuliko yale matano. Tarehe 24 Machi 2019 ilikuwa zamu ya furaha ya kweli: Tanzania 3, Uganda 0, na tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Uwanja mpya ulizipa klabu jukwaa la kufanyia sherehe zao za mwaka. Simba Day, iliyoanza 2009, hufungua msimu kwa wekundu. Yanga ikaja na Wiki ya Mwananchi muongo mmoja baadaye. Muziki, utambulisho wa wachezaji, jezi mpya na mechi ya kirafiki: watu hujaza viti kabla ligi haijapigwa hata pasi moja. Wanaozikejeli sherehe hizi kuwa ni biashara ya jezi hawakosei. Ila hawajaeleza kwa nini watu hujitokeza wakati wanajua hivyo.

Na nyumba za klabu zenyewe? Yanga ina Uwanja wa Kaunda pale Jangwani, ambao mafuriko ya bonde la Msimbazi yameugeuza bwawa mara nyingi. Simba ilijenga viwanja vya mazoezi Bunju. Aliyejenga uwanja halisi wa mechi alikuwa mdogo wao: Azam, timu ya kampuni ya Bakhresa, iliyopanda Ligi Kuu 2008, ikajenga Azam Complex kule Chamazi na kuwa bingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi. Uwanja wa Mkapa ulipofungwa kwa ukarabati, wakubwa wa Kariakoo walijikuta wakibisha hodi kwa wadogo. Yanga ilicheza mechi za nyumbani Chamazi, na baadaye timu zote mbili zikahamia uwanja wa KMC, Mwenge. Waliokuwa wakijaza viti 60,000 wakawa wanagombea tiketi elfu chache.

Mwaka 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, ikashinda 1-0 Algiers na kukosa kombe kwa sheria ya mabao ya ugenini. Miaka miwili baadaye Simba ilifika fainali hiyohiyo na haikuruhusiwa hata kucheza Dar es Salaam, kwa kuwa Mkapa ulikuwa haujawa tayari. Ikaicheza Amaan, Zanzibar, ikatoka 1-1 na RS Berkane baada ya kufungwa 2-0 Morocco.

Miezi miwili kabla ya fainali hiyo, suala la nani mwenye geti lilikuwa limelipuka hadharani. Mechi ya watani ilipangwa tarehe 8 Machi 2025, Yanga ikiwa mwenyeji. Usiku wa kuamkia mechi, Simba ilifika Mkapa kufanya mazoezi ambayo kanuni humpa timu ngeni, ikazuiwa kuingia. Ikatangaza haichezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo; Yanga ikadai pointi zake; redio, vijiwe na mitandao vikajaa wanasheria wa ghafla. Mchezo ulichezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo. Wiki tano baadaye, tarehe 2 Agosti, geti lilelile lilikuwa wazi kwa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Tanzania ikiifunga Burkina Faso 2-0 katika mechi ya ufunguzi, na wachezaji wa Simba na Yanga wakiwa wamevaa jezi moja.