Msimu wa Kula Shaba katika Vilima vya Katanga

Katika milima ya Alps barani Ulaya, sherehe nyingi za mwaka hufuata kupanda na kushuka kwa ng'ombe wa malisho. Katika vilima vya Katanga, kuanzia Buluo na Likasi hadi Kambove na Kolwezi, mwaka wa wenyeji ulizunguka mhimili mwingine, yaani shaba. Historia ya madini ya Katanga huandikwa mara nyingi kana kwamba ilianza na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906. Mtazamo huo huwasahau mafundi waliotangulia, na husahau pia kwamba kuyeyusha shaba kulikuwa kazi ya msimu, yenye miiko na nyimbo zake.

Kazi hiyo ni ya kale. Huko Naviundu, karibu na Lubumbashi, yamepatikana mabaki ya uyeyushaji ya takriban karne ya 4. Katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, wafu walizikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba, ambayo baadaye ilitumika kama fedha.

Maelezo mapana kuhusu msimu wenyewe yaliachwa na mmisionari Mbenedikto, Jean-Félix de Hemptinne, katika makala aliyoichapisha mwaka 1926. Mnamo mwezi wa Mei, mtama ukiisha kuvunwa, mtawala alitangaza kwamba umewadia wakati wa kwenda kula shaba. Kitenzi hicho hakimshangazi msemaji wa Kiswahili, kwani mtu hula faida, hula urithi, hata hula ufalme. Kula shaba ni kuneemeka kwayo.

Watu walihamia kambini karibu na machimbo. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi, na wanaume wakachimba. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likachochewa kwa makaa na mivukuto ya ngozi. Mafundi wakuu walikuwa na dawa zao, wakajizuia na tendo la ndoa, na kuwaomba mizimu ili tanuru lizae.

Kiangazi hakikuchaguliwa ovyo. Mashimo hayakujaa maji, makaa yalikauka, ghala zilikuwa na chakula, na mikono haikuhitajika shambani. Mvua za mwisho wa mwaka ziliporudi, watu walirudi kulima. Kwa hiyo miiko na nyimbo hazikuwa pambo lililoongezwa juu ya ufundi. Zilikuwa njia ya kuikusanya jamii kwa wakati unaofaa na kuitawanya kabla ya hatari.

Msiri, aliyetoka Unyamwezi katika karne ya 19, aliitawala biashara ya shaba kutoka Bunkeya hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwanzoni mwa karne ya 20 uyeyushaji wa jadi ulikoma. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière mjini Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Tanuru hilo halikungoja mtama. Mkulima aliyekula shaba kwa miezi michache akafuatwa na mfanyakazi wa mshahara, anayeitwa kwa king'ora kiangazi na masika.

Kilichodumu ni alama. Misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Huko Bunkeya, Wayeke huadhimisha kila mwaka tarehe 20 Desemba, katikati ya mvua. Sikukuu iliyosalia ni ya kifo cha mfalme, na msimu wa mafundi hauna siku yake. Hasara hiyo haiwahusu wanahistoria peke yao. Wachimbaji wadogo wa leo huingia mashimoni hata wakati wa mvua, ardhi inapolegea na kuporomoka. Wazee wa shaba walijua namna ya kuyeyusha jiwe; walijua pia mwezi wa kuliacha.