Tokeo Si Matokeo

Mtu akialikwa kushiriki jaribio la tiba ya macho, hupewa karatasi ya ridhaa aisome au asomewe. Humo ataambiwa kwamba watafiti watachunguza "matokeo ya tiba". Atapita hapo bila kusita, maana neno matokeo analijua tangu shuleni: ndiyo yale yanayobandikwa ukutani mitihani ikishasahihishwa. Aliyeandika sentensi ile, hata hivyo, alikusudia kitu kilichoamuliwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaguswa. Ni badiliko gani ndani ya jicho litakalohesabiwa, litapimwa kwa chombo gani, baada ya muda gani, na likifikia wapi ndipo itasemwa tiba imefaa.

Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. Outcome ni kile kilichochaguliwa kupimwa, results ni kile kilichopatikana baada ya kupima. Sisi neno matokeo tumelibebesha yote mawili, na mgonjwa anabaki hajui ameridhia nini. Pendekezo langu ni tokeo, kwa umoja, kwa kile kilichochaguliwa. Na lile lenye uzito kuliko mengine yote katika jaribio liitwe tokeo kuu. Matokeo yabaki kwa takwimu zinazotangazwa mwishoni.

Jaribio lililofanyika Moshi linaonyesha jinsi tofauti hiyo ilivyo kubwa. Katika hospitali ya KCMC, wagonjwa 201 wa glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa matone ya timololi ya asilimia 0.5. La pili lilitibiwa kwa mwanga wa leza unaoelekezwa kwenye kichujio kidogo kilicho pembeni mwa jicho, ambako maji ya ndani hupita yakitoka, ili yatoke kwa urahisi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilihesabiwa kuwa imefaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya macho yaliyotiwa matone.

Imefaulu kufanya nini? Mgonjwa anayetoka kijijini kwenda KCMC anataka kuona. Akisikia tiba imefaulu, ataelewa kwamba waliotibiwa wanaona vizuri zaidi kuliko walivyokuja. Sivyo ilivyohesabiwa. Tokeo kuu la jaribio lile lilikuwa presha ya jicho, yaani mkandamizo wa maji yaliyo ndani yake, kushuka hadi kiwango kilichopangwa, au chini yake, na kiwango hicho kilitegemea ugonjwa umefika hatua gani: jicho lililoharibika zaidi lilitakiwa kushuka zaidi. Glakoma huua neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na sehemu iliyokwisha kufa hairudi, kwa matone wala kwa leza. Daktari hupigania kilichobaki. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo ataacha matone mwezi wa tatu, kwa kuwa haoni faida yoyote, na kila siku atakayokosa dawa inaweza kumgharimu uwezo wa kuona usiorudi.

Sasa, kwa nini wapime presha na wasipime kuona kwenyewe? Uharibifu wa glakoma huenda polepole sana. Ukisubiri watu wapoteze uwezo wa kuona ndipo uhesabu, utangoja miaka mingi na kuwaumiza unaowachunguza. Presha inasimama badala ya kile tunachokijali hasa. Tokeo la namna hiyo naliita tokeo wakilishi. Nimechagua neno hilo kwa makusudi, kwa sababu mwakilishi anaweza kuwa mwaminifu na anaweza kuwasaliti waliomtuma, na mtafiti ana wajibu wa kuthibitisha kwamba wake ni mwaminifu. Kwa presha ya jicho uthibitisho upo. Marekani, utafiti uliotoa ripoti mwaka 2002 ulifuatilia watu 1,636 wenye presha ya juu ya jicho ambao walikuwa hawajaugua glakoma. Kufikia miaka 5, asilimia 9.5 ya waliokuwa wakiangaliwa tu bila dawa walikuwa wamepata ugonjwa, ilhali waliotumia matone ya kushusha presha walikuwa asilimia 4.4. Huko tokeo kuu lilikuwa ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo daktari wa Moshi anapohesabu presha, anasimama juu ya kazi ya namna hiyo.

Tokeo lazima liwe na muda wake pia. Katika ugonjwa wa vikope, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi likapofuka. Upasuaji huzirudisha nje, na siku ya kutoa bandeji kila mtu hufurahi. Lakini kwa wagonjwa wengine kope hurudi ndani baada ya miezi. Jaribio lililofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2006 lilichagua marejeo hayo kuwa tokeo lake, likiwafuatilia wagonjwa hadi mwaka mmoja. Likaonyesha kwamba dozi moja ya azithromaisini ya kumeza baada ya upasuaji ilipunguza kurudi kwa kope kwa karibu theluthi moja, ikilinganishwa na marhamu ya tetrasaiklini. Wangepima wiki ya kwanza tu, tofauti hiyo isingeonekana.

Kuhusu mtoto wa jicho, swali ni mgonjwa anapimwa akiwa katika hali gani. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi lilitaka angalau asilimia 80 ya waliopasuliwa waone 6/18 au zaidi, yaani mtu akiwa mita 6 aone kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 18. Kiwango hicho kilikuwa cha mtu kama alivyokuja, na miwani yake kama anayo. Ukimvalisha miwani bora kabisa ya chumba cha vipimo, asilimia iliyotakiwa ilipanda hadi 90. Pengo kati ya viwango hivyo viwili ni watu wanaohitaji miwani ambayo hawana. Mimi naona kipimo cha kwanza ndicho cha haki, kwa kuwa mama anayerudi shambani harudi na miwani ya hospitali.

Wapo wanaopendelea kusema tokeo la msingi. Nawaelewa, ila msingi humpeleka msomaji kwenye elimu ya msingi, kwenye ngazi ya mwanzo, akadhani yapo ya juu zaidi. Kuu haliachi shaka. Wingi una udhia, nakiri, maana matokeo makuu yataturudisha pale pale tulipokimbia. Lakini jaribio lililopangwa vizuri aghalabu huwa na tokeo kuu moja, na hayo mengine yatajwe kuwa matokeo ya nyongeza yaliyopangwa.

Neno kupangwa lisikosekane. Mtafiti anayebadilisha tokeo kuu baada ya kuona takwimu ni sawa na muuzaji anayebadilisha kopo la kupimia mahindi mnunuzi akishalipa. Ndiyo sababu tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya tiba yanadai jaribio liandikishwe kwenye daftari la wazi kabla halijaanza, tokeo kuu likiwa limetajwa. Afrika ina daftari lake la majaribio ya tiba, linalotunzwa Cape Town.

Nawaomba wanaotafsiri karatasi za ridhaa, na kamati za maadili zinazozipitisha, waandike sentensi moja iliyo wazi: "Tokeo kuu la utafiti huu ni presha ya jicho lako kushuka hadi kiwango tulichopanga baada ya miezi 12, tiba hii haitarudisha uwezo wa kuona ambao umekwisha kupotea." Nawe ukialikwa kushiriki, uliza kabla ya kutia sahihi: mtapima nini, lini, na kuona kwangu kumo?