Gazeti la Mashine Nisiyokuwa Nayo

Mwaka 1990 ami yangu, baharia, alishuka mashuani akitoka Wete na gazeti la Kiingereza, Your Sinclair, lililoambatana na kanda ya kaseti. Lilikuwa la wenye ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani iliyotoka Uingereza mwaka 1982. Nyumbani kwetu Fundo hata umeme haukuwamo. Huko Bara, mwaka 1974, serikali ilipata kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta.

Nikaitia kanda kwenye redio ya betri. Ikalia mlio mkali, kisha mkwaruzo mfululizo. Bibi akasema, "Zima, mjukuu wangu, utatuitia mashetani." Kumbe kelele ile ndiyo mchezo wenyewe! Programu imerekodiwa kwa sauti, na mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 huisikiliza kiasi cha dakika tano, ndipo mchezo utokee kwenye televisheni.

Basi nikawa msomaji tu, michezo naicheza kichwani. Kiingereza changu kingi nilikiokota humo. Kanda ami aliichukua, akaziba vitundu vyake vya juu kwa karatasi, akamrekodi bibi akihadithia ukoo wetu. Mwaka uliofuata bibi akafariki.

Your Sinclair lilikoma mwaka 1993. Mwenziwe, Crash, lililokoma 1992, limefufuliwa Uingereza kwa ajili ya watu wazima waliokulia mashine ile. Nasikia kanda za zamani hununuliwa, zikiwa nzima. Yangu si nzima. Sauti ya bibi inapokatika, mkwaruzo ule hurudi.

Sijauzima hata mara moja.