Daftari la Mama Karani: Nani Huingia katika Historia ya Programu Huria?

Historia ya programu huria huandikwa kwa majina ya walioandika msimbo. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Linus Torvalds akatoa kiini cha Linux mwaka 1991. Ni nadra kukutana na jina la mtu aliyesema, "Hapa pana kasoro." Katika insha hii ninadai kwamba mtu huyo naye ni mtengenezaji wa programu. Sisi tunaosoma historia Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kumtafuta, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mtu wa kwetu.

Kuandika kasoro ni kazi kongwe kuliko programu huria. Tarehe 9 Septemba 1947, waliokuwa wakiendesha kompyuta ya Mark II kule Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo. Walimbandika kwenye daftari la kazi na kuandika saa. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini kwa mwanahistoria jambo kubwa ni lile daftari: kasoro iliwekwa mahali ambapo mtu asiyekuwapo angeweza kuisoma. Katika miaka ya 1990 miradi ya kujitolea ililifanya daftari hilo kuwa la umma. Debian iliipa kila taarifa namba yake, na mwaka 1998 Mozilla ikatoa Bugzilla, programu ya kupokea na kupanga taarifa za hitilafu.

Katika mradi wa kujitolea hakuna bosi wa kumwamuru mtu arekebishe kitu. Kwa hiyo taarifa ni ombi, na ombi lina adabu zake. Mtoa taarifa hueleza anatumia toleo gani, alifanya nini hatua kwa hatua, alitarajia nini na akaona nini. Mpangaji huisoma, huiunganisha na nyingine inayofanana nayo, huipa uzito na kuuliza pale pasipoeleweka. Ikiwa hitilafu haionekani kwenye kompyuta ya mrekebishaji, na mtoa taarifa hajibu, taarifa hufungwa. Katika kumbukumbu za mradi ni kana kwamba kasoro haikuwapo.

Eneo letu lina mfano mzuri wa programu iliyozaliwa kutokana na malalamiko ya wahudumu wa afya. Ng'ambo ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret kilianza kutumia kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta mwaka 2001, kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Moi na Indiana. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret na kuona kwamba mfumo ule usingeuweza wingi wa wagonjwa wa UKIMWI. Hapo ndipo lilipoanza wazo la OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret na kisha Rwanda mwaka 2006. UgandaEMR, inayotumiwa na vituo vya afya nchini kwetu, imejengwa juu yake, na mwaka 2016 jumuiya ya OpenMRS ilikutana Kampala. Umbali kati ya mtumiaji na mwandishi wa msimbo ulikuwa umepungua, lakini haukuwa umekwisha.

Umbali huo niliuona mwenyewe. Mimi ni mwenyeji wa Jinja, na wakati wa likizo moja nilijitolea katika zahanati moja ya Mbale. Programu iliyotumika pale haikuwa OpenMRS, ila ilikuwa huria vilevile. Karani wetu, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa na daftari la shule la kurasa 96 alimoandika matatizo: "imekataa," "imegoma tena," "mgonjwa amepotea." Hilo la mwisho lilinishtua. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi. Lililopotea ni faili lake: safari ya kwanza aliandikwa Nabulo, safari ya pili akatafutwa kama Naburo, kompyuta ikasema hayumo, naye akafunguliwa faili jipya. Dawa iliyomdhuru mara ya kwanza ilikuwa imeandikwa katika faili la zamani. Siku hiyo Mama alimkumbuka kwa sura. Je, siku ambayo Mama hayupo?

Mama alikwisha kumpigia fundi aliyeko Kampala, naye akajibu, "Kwetu haionekani." Hakuwa akisema uongo. Programu nyingi hutafuta majina kwa kanuni kama Soundex, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918. Soundex humpa l namba 4 na r namba 6, kwa sababu katika majina ya Kiingereza herufi hizo hutenganisha watu. Kwetu hubadilishana, na karani huandika anavyosikia.

Tulikaa mchana mmoja tukaiandika upya taarifa: toleo, hatua tano, majina mawili, matokeo. Fundi aliituma kwa wenye mradi. Baada ya siku chache tulipata namba, na baada ya wiki mbili jibu: taarifa yetu imefungwa, kwa kuwa ni marudio ya nyingine iliyotangulia. Nilikasirika, mpaka nilipoifungua ile ya kwanza. Mfano wake ulikuwa Nabirye na Nabilye. Nabirye ni jina la mama wa mapacha kwa Wasoga. Bila shaka kuna karani mwingine, huenda kwetu Jinja, aliyeliona tatizo lilelile. Jina lake halikuwemo. Aliyeandikwa kuwa mtoa taarifa alikuwa fundi, kama ilivyokuwa kwa taarifa yetu.

Nilipomsomea Mama, alicheka. "Kumbe hatuko peke yetu," alisema, akaliandika lile jina la Kisoga katika daftari lake.

Nilipoondoka Mbale hitilafu ilikuwa bado haijarekebishwa, ila taarifa mbili zilizounganishwa zilipewa uzito zaidi kuliko moja. Hapa ndipo penye funzo kwa wanahistoria. Tumezoea kuuliza ni nani hayumo katika nyaraka za serikali za kikoloni. Swali hilohilo linafaa kuulizwa kuhusu kumbukumbu za programu, ambazo ziko wazi kwa yeyote kuzisoma na hata hivyo zimewaacha nje makarani. Dawa yake si ngumu: tuwafundishe kuandika taarifa kamili, wenye miradi wapokee taarifa za Kiswahili, na jina la aliyeiona kasoro liandikwe kabla ya la aliyeituma. Daftari la Mama ni chanzo cha historia. Natumaini halijatupwa.