Tarikhi ya Mkate Uliochovywa Mayai

Katika maakuli yanayosadikiwa kuwa yalizaliwa na ufukara, ni machache yaliyozama katika dhana hiyo kama tosti ya Kifaransa, yaani kile kipande cha mkate wa jana kinachochovywa katika mayai na maziwa, kikakaangwa kwa siagi mpaka kikaiva rangi ya dhahabu. Wafaransa huuita mkate uliopotea, Wajerumani huuita mashujaa masikini, na wapishi wa nyumbani wa kila bara wameurithi pamoja na nasaha kwamba neema ya Mungu haitupwi. Nasaha hiyo ni njema, wala sina nia ya kuitangua. Walakini mtu akivifunua vitabu vya upishi vya kale kimoja baada ya kingine, ataona kwamba mkate huu ulianzia katika sinia za wenye nafasi, na kwamba tosti nene iliyojazwa jibini na matunda, ambayo leo wengi huihesabu kuwa israfu ya mahoteli ya Marekani, ina nasaba ya kale kuliko ile kavu ya kuokoa mabaki.

Ushahidi wa kale ulio mashuhuri ni wa Kirumi. Katika mkusanyo wa mapishi unaonasibishwa na Apicius, ambao wanazuoni hukadiria kuwa ulikamilika takriban karne ya 4 au ya 5, limo pishi fupi la tamutamu: mkate mweupe wa unga laini hukwanguliwa ganda, ukamegwa mapande makubwa, ukalowekwa katika maziwa, ukakaangwa, kisha ukamiminiwa asali. Mayai hayatajwi, wala haisemwi kwamba mkate uwe wa jana. Kinachotajwa ni aina ya mkate, na hapo ndipo penye hoja, kwa kuwa mkate mweupe ulikuwa chakula cha watu wa mali, hali mafakiri wa Roma walikula mkate mweusi uliojaa pumba. Tena mtu anayelikwangua ganda la mkate mzuri kwa kutafuta ulaini peke yake si mtu wa kuhesabu makombo.

Baada ya Roma, msomaji na atupie jicho Baghdad, ambako Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi alikusanya kitabu chake cha upishi mwaka 1226, miaka 32 kabla ya Wamongoli kuuangusha mji ule na ukhalifa wake. Ndani yake limo pishi la judhaba, ambalo baadhi ya namna zake ni mkate mweupe uliolowekwa, ukapangwa pamoja na sukari na lozi zilizopondwa, ukatiwa rangi ya zafarani, kisha ukawekwa ndani ya tanuri chini ya kuku au nyama iliyotundikwa, ili kila tone la mafuta lidondokalo linywewe na mkate. Sidai kwamba judhaba ndiyo mama wa tosti ya Ulaya, kwani sina ithibati ya kuziunganisha. Lakini mkate ulioshibishwa majimaji na kujazwa kitu kitamu ulikuwa tayari umekwisha tukuzwa katika majumba ya Bani Abbas, na sukari iliyofanya utamu huo uwezekane ilifika Ulaya kwa kupitia Sicily na Andalus, katika mashamba waliyoyaanzisha Waarabu.

Athari ya njia hiyo yaonekana wazi katika kitabu cha Martino wa Como, mpishi wa karne ya 15 aliyewatumikia wakuu wa kanisa mjini Roma. Martino aagiza vipande vya mkate mweupe vikatwe mraba bila ganda, vibanikwe kidogo, vilowekwe katika mayai yaliyopigwa kwa sukari nyingi na maji ya waridi, vikaangwe kwa siagi au shahamu, na mwisho vinyunyiziwe maji ya waridi yaliyogeuzwa manjano kwa zafarani. Hebu mtu apige hesabu ya masurufu hayo kwa bei za zama zile, sukari ikiwa ingali bidhaa ya thamani na zafarani ikichumwa unyuzi kwa unyuzi kutoka katika ua, aone kama kuna masikini wa Italia aliyeweza kuinunua sahani moja ya mkate unaosemekana kuwa ni wa kuokoa mkate.

Uingereza nayo yatoa shahada ileile. Mwaka 1615 Gervase Markham alichapisha kitabu chake cha mafundisho ya mke wa nyumbani, na humo akaeleza namna bora ya pishi hili: mayai dazeni moja yapigwe sawasawa, yatiwe karafuu, basbasi, mdalasini, kungumanga na sukari tele, mkate mweupe ulio bora ukatwe vipande vinene, uwekwe katika kikaango chenye siagi nyingi, umiminiwe nusu ya mayai, ugeuzwe, kisha umiminiwe nusu iliyobaki. Msomaji wa pwani yetu atafurahi kuiona karafuu mahali hapo, lakini asiidhanie kuwa ni ya Unguja wala Pemba. Karafuu ya Markham ilitoka visiwa vya Maluku, na bei yake ilikuwa na safari nzima ya bahari ndani yake. Miche ya zao hilo haikuletwa Unguja mpaka mwanzo wa karne ya 19, na ni katika enzi ya Seyyid Said ndipo mashamba yalipoenea hata bei ikashuka duniani.

Ipo hekaya ya Kimarekani isemayo kwamba pishi lilibuniwa mwaka 1724 na mwenye nyumba ya wageni wa Albany aliyeitwa Joseph French, akalipa jina lake. Tarehe peke yake zatosha kuikanusha, kwa sababu Robert May, mpishi wa Kiingereza, alikuwa amekwisha chapisha tosti za Kifaransa mwaka 1660, mkate uliobanikwa na kuloweshwa katika mvinyo, sukari na maji ya machungwa, miaka 64 kabla ya huyo French wa hekaya.

Basi pishi la matajiri liliwezaje kuwa pishi la kila mtu? Jibu halipendezi. Sukari ilishuka bei Ulaya katika karne ya 17 na ya 18 kwa kuwa ililimwa na watumwa wa Kiafrika katika mashamba ya Brazil na visiwa vya Karibi, na utamu uliokuwa wa makadinali ukaingia katika vikombe na vikaango vya mafundi na vibarua. Baadaye viwanda vya kusaga vikaufanya unga mweupe kuwa wa kawaida. Hapo ndipo mkate mweupe ulipokuwa mwingi kiasi cha kubaki mpaka kesho, na nasaha ya kutotupa ikapata mahali pa kukaa.

Ama kuhusu mkate wa kesho yake, sayansi ina la kusema. Watu hudhani kwamba mkate hukakamaa kwa kukauka tu. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha katikati ya karne ya 19 kwamba mkate uliozibwa usipoteze maji nao huchakaa vilevile, na ukipashwa moto hurudia ulaini. Sababu ni wanga: mkate unapopoa, chembe zake zilizolainishwa na joto hujipanga upya na kushikamana, na kiini huwa kigumu hata kama unyevu umo. Ugumu huo ndio rafiki wa mpishi, maana kipande kilichokakamaa hunywa mayai na maziwa bila ya kuvunjika, hali mkate mbichi wa leo hugeuka uji mkononi.

Mwaka 1928, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, mashine ya Otto Rohwedder ilianza kukata mkate wa kuuzwa ukiwa umekwisha katwa. Urahisi ulikuwa mkubwa, lakini unene wa kipande ukaamuliwa na chuma, na kipande chembamba cha mashine hakina nafasi ya kujazwa kitu. Waliotaka tosti yenye heshima iliwabidi watafute njia. Katika mabehewa ya chakula ya reli ya Santa Fe huko Marekani wapishi walikata mkate mnene, wakauchovya katika mayai na malai, wakaukaanga kwa mafuta mengi, kisha wakautia katika oveni ufure. Katika mikahawa ya chai ya Hong Kong vipande viwili hupakwa siagi ya karanga kati yake, vikachovywa mayai na kukaangwa, vikaliwa kwa siagi na maziwa mazito ya kopo. Na katika mahoteli ya Marekani kipande kinene hupasuliwa tumboni na kutiwa jibini laini.

Atakaye kujaribu na aanze kwa kuoka mkate wake, maana huo ndio anaoweza kuukata apendavyo. Unga nusu kilo, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari vijiko viwili vikubwa, chumvi kijiko cha chai, yai moja, siagi gramu 60 na maziwa vuguvugu kikombe kimoja. Donge likandwe mpaka livutike bila kukatika, liumuke mara mbili, lipakwe yai juu, lipikwe katika oveni ya nyuzi 180 kwa muda wa dakika 35 hivi. Mkate ulale usiku mmoja. Asubuhi ukatwe vipande vya sentimita 4, na kila kimoja kitobolewe kwa ncha ya kisu chembamba katika ukingo wa juu, kisu kizungushwe ndani taratibu pasipo kutokea upande wa pili, mpaka upatikane mfuko. Ujazwe jibini laini iliyochanganywa na sukari kidogo, ganda la limau lililoparuzwa na ndizi mbivu, lakini usijazwe ukapasuka. Mayai 4 yapigwe na kikombe cha maziwa, iliki na chumvi kidogo. Kila kipande kilale humo dakika mbili kila upande, kikaangwe kwa siagi juu ya moto mdogo hata kiive rangi, kisha kimaliziwe katika oveni dakika kumi, ili mayai yaliyo ndani yashikane kabla ya nje kuungua.

Israfu si neno la haki kwa kazi hii, wala ubahili si neno la haki. Huko Uhispania, ambako mkate wa namna hii huitwa torrijas na huliwa sana kipindi cha Kwaresima na Juma Kuu, waokaji siku hizi huoka mkate maalumu wa kuloweka, mnene na mzito, wakauuza dukani kwa watu wanaoununua wakijua hawataula ukiwa mbichi. Mkate uliosemwa kuwa umepotea sasa waokwa kwa makusudi ili uchovywe mayai, na Martino wa Como, lau angalikuwa hai, asingaliona jambo geni.