Viashiria vya jeraha la ghafla la figo kwa watumiaji wa antibiotiki

Viashiria vya jeraha la ghafla la figo ni vitu vinavyopimwa katika damu au mkojo ili kutambua kwamba figo zimeanza kuumia, au zimepoteza uwezo wa kuchuja damu, ndani ya saa au siku chache. Kwa wagonjwa wanaotumia antibiotiki (huitwa pia viuavijasumu) vina umuhimu wa pekee, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huua bakteria na kuumiza figo kwa wakati mmoja, tena bila mgonjwa kusikia maumivu yoyote.

Kiashiria kinachotumika karibu kila hospitali duniani ni kreatinini. Kina kasoro mbili zinazomhusu sana mtumiaji wa antibiotiki: huchelewa kupanda figo zinapoumia, na wakati mwingine hupanda ilhali figo ni nzima. Kasoro ya kwanza humwacha mgonjwa aendelee na dawa inayomdhuru. Ya pili inaweza kusababisha aondolewe dawa iliyokuwa ikimwokoa. Viashiria vipya vilivyochunguzwa tangu miaka ya 1990 vimelenga kuziba mapengo hayo mawili, kwa mafanikio ya kiasi.

Namna antibiotiki zinavyoumiza figo

Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kila kichujio hufuatwa na kimirija chembamba ambacho hurudisha mwilini maji, chumvi, sukari na protini ndogo zilizopita. Seli za sehemu ya mwanzo ya kimirija ndizo zenye kazi kubwa ya kufyonza, na kwa sababu hiyohiyo ndizo zinazopata sumu kwanza.

Mfano unaoeleweka vizuri zaidi ni kundi la aminoglikosidi, yaani streptomisini, kanamisini, jentamisini, tobramisini na amikasini. Kundi hili lilianza na streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani. Dawa hizi hupita kwenye kichujio bila kizuizi. Kisha sehemu yake hunaswa na protini iitwayo megalini iliyo juu ya seli za kimirija na kuingizwa ndani. Humo hurundikana katika lisosomu, ambavyo ni vifuko vya seli vya kumeng'enya taka, hadi vifuko hivyo vivuje na seli kufa. Mrundikano huo huchukua muda, ndiyo maana kreatinini kwa kawaida hupanda baada ya siku 5 hadi 7 za matibabu. Mgonjwa huendelea kukojoa kama kawaida, hivyo kupima wingi wa mkojo peke yake hakuwezi kutegemewa. Kwa kuwa megalini ina kikomo cha kubeba, kutoa dozi yote ya siku kwa mara moja hudhuru figo kidogo kuliko kuigawa mara tatu.

Vankomisini na kolistini nazo huumiza vimirija. Penisilini, sefalosporini, rifampisini na siprofloksasini zina njia tofauti: kwa watu wachache huamsha mzio, na chembe nyeupe za damu huvamia tishu zilizo kati ya vimirija. Jeraha la aina hii halitegemei ukubwa wa dozi, na linaweza kumpata mtu baada ya siku chache au wiki kadhaa.

Kreatinini na mipaka yake

Kreatinini ni taka itokayo katika misuli. Figo huitoa, kwa hiyo zikishindwa hujaa katika damu. Mwaka 1886 Max Jaffe, mwanakemia wa Ujerumani, alieleza jinsi inavyobadili rangi ikichanganywa na asidi ya pikriki katika kimiminika chenye alkali. Njia hiyo bado inatumika katika maabara nyingi kwa sababu ni ya bei nafuu.

Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 unasema kuna jeraha la ghafla la figo iwapo kreatinini imepanda kwa angalau mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au imefikia mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, au mgonjwa amekojoa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa kwa muda wa saa 6.

Tatizo la kwanza ni kwamba kipimo hiki hakioni jeraha lenyewe bali matokeo yake. Figo zina akiba kubwa. Vimirija vingi vinaweza kufa huku vilivyobaki vikifanya kazi ya wote, na hata uwezo wa kuchuja ukishuka, kreatinini huhitaji siku moja hadi tatu kujikusanya.

Tatizo la pili ni misuli. Mtu aliyekonda kwa kifua kikuu au utapiamlo anaweza kuwa na kreatinini ya mikromoli 40 kwa lita. Ikipanda hadi 80 imeongezeka maradufu, na kwa KDIGO yuko katika hatua ya pili kati ya tatu za jeraha. Lakini fomu ya majibu itaonyesha kwamba 80 ni kiwango cha kawaida. Bila kipimo kilichochukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, hakuna atakayetambua.

Tatizo la tatu ni kengele ya uongo. Sehemu ya kreatinini haipiti kwenye kichujio bali hutolewa na seli za kimirija, na zipo dawa zinazoziba mlango huo. Mojawapo ni trimethoprimu, iliyomo katika kotrimoksazoli inayojulikana na wengi kama Septrin. Watu wengi wanaoishi na VVU huinywa kila siku kama kinga, na dolutegraviri, ambayo sasa ni dawa kuu ya kupunguza makali ya VVU katika Afrika Mashariki, hufanya vivyo hivyo. Kwa wagonjwa hao kreatinini hupanda kidogo katika siku za mwanzo kisha hutulia, ilhali uchujaji haujapungua. Hata hivyo kotrimoksazoli inaweza kuumiza figo kwelikweli mara chache, kwa hiyo kupanda kunakoendelea si kwa kupuuzwa.

Mjadala mkubwa zaidi wa aina hii ulihusu kuchanganya vankomisini na piperasilini-tazobaktamu, mchanganyiko wa kawaida katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Kwa miaka kadhaa tafiti nyingi zilionyesha kreatinini ikipanda zaidi kwa mchanganyiko huo, na madaktari wengi wakaanza kuukwepa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipima pia sistatini C kwa wagonjwa wa namna hiyo na kukuta kwamba haikupanda pamoja na kreatinini. Mwaka 2023 jaribio la ACORN, lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Tennessee, liliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima zaidi ya 2,500 kati ya piperasilini-tazobaktamu na sefepimu. Walio wengi walikuwa pia kwenye vankomisini. Majeraha ya figo hayakutofautiana kati ya makundi mawili. Inaelekea kwamba sehemu kubwa ya hofu ile ilitokana na kipimo kuliko dawa.

Viashiria vingine

Sistatini C ni protini ndogo itengenezwayo na karibu seli zote za mwili, hivyo haitegemei misuli. Hupimwa katika damu na, kama kreatinini, huonyesha uchujaji, si jeraha. Dawa za steroidi, magonjwa ya tezi ya shingo, unene na homa kali za maambukizi huweza kuipandisha.

KIM-1 ndiyo iliyo karibu zaidi na tatizo la aminoglikosidi. Protini hii ilielezwa mwaka 1998 na kundi la Joseph Bonventre huko Boston. Katika figo nzima haionekani kwa urahisi, lakini seli za mwanzo wa kimirija zikiumia huitengeneza kwa wingi, na kipande chake cha nje hukatika na kutoka na mkojo. Kwa watoto wa Uingereza wenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambao hupewa tobramisini mara kwa mara, KIM-1 ya mkojo ilipanda wakati wa matibabu.

NGAL ilitambuliwa kwanza katika chembe nyeupe za damu mwaka 1993. Sifa yake ilitokana na utafiti wa mwaka 2005 huko Cincinnati: kwa watoto 71 waliopasuliwa moyo, NGAL ya wale walioumia figo ilipanda ndani ya saa 2, ilhali kreatinini ilichukua siku 1 hadi 3. Kwa mtumiaji wa antibiotiki sifa hiyo hupungua. Watoto wale walikuwa na saa inayojulikana ya kuanza kwa jeraha na hawakuwa na maambukizi. Mgonjwa wa antibiotiki kwa kawaida ana maambukizi, na maambukizi yenyewe huchochea chembe nyeupe kumwaga NGAL.

NAG ni kimeng'enya cha lisosomu. Ni kikubwa mno kupita kwenye kichujio, hivyo kikionekana kwa wingi katika mkojo kimetoka kwenye seli za vimirija. TIMP-2 na IGFBP7 hupimwa pamoja na namba zake kuzidishwa; ni protini ambazo seli zilizo katika dhiki hutoa zinapojizuia kugawanyika. Kwa jeraha la mzio, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wamependekeza TNF-alfa, interleukini-9 na CXCL9 katika mkojo. Zamani zilitafutwa eosinofili za mkojo, lakini kipimo hicho hakitegemeki.

Kipimo cha zamani kuliko vyote hivi hakijapitwa na wakati: kutazama mkojo kwa hadubini. Vipande vya rangi ya kahawia vyenye umbo la kimirija ni dalili ya seli zilizokufa, na gharama yake ni ndogo.

Matumizi

Viashiria vipya vimekubalika zaidi katika utengenezaji wa dawa kuliko wodini. Mwaka 2008 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilikubali viashiria 7 vya mkojo, KIM-1 ikiwemo, kwa majaribio ya sumu kwa panya. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilikubali mkusanyo wa viashiria 6 kwa majaribio ya awali kwa watu wenye afya.

Kwa wagonjwa, FDA iliruhusu kipimo cha TIMP-2 na IGFBP7 mwaka 2014, na kipimo cha NGAL kwa watoto na vijana wa miezi 3 hadi miaka 21 mwishoni mwa 2023. Kwa upande mwingine, taasisi ya NICE ya Uingereza iliamua mwaka 2020 kwamba ushahidi haukutosha kupendekeza vipimo hivyo kwa matumizi ya kawaida. Hakuna dawa ya kuponya seli zilizokwisha kuumia. Faida ya kujua mapema ni kupunguza dozi, kubadili antibiotiki, kurekebisha maji mwilini na kuacha dawa nyingine zinazobebesha figo mzigo, kama diklofenaki na ibuprofeni.

Afrika Mashariki

Jentamisini pamoja na ampisilini ni tiba ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Kwao kreatinini ina ugumu wa ziada: katika siku za kwanza za maisha huakisi zaidi ile ya mama.

Wagonjwa wa kifua kikuu sugu walidungwa kanamisini au kapreomisini kwa miezi mingi, na wengi walipata madhara ya figo na masikio. Mwaka 2018 WHO ilitangaza kwamba dawa hizo mbili zisiendelee kupendekezwa, na tiba za vidonge pekee zikachukua nafasi. Amikasini imebaki kwa hali maalumu, kwa sharti la ufuatiliaji.

Vipimo vya KIM-1 au NGAL si vya kawaida katika hospitali za wilaya, na vituo vingi vya afya havina hata kreatinini. Nchini Malawi umejaribiwa ukanda wa karatasi unaopima urea katika mate, usiohitaji damu wala maabara. Ukanda huo hutambua vizuri zaidi majeraha makubwa kuliko madogo.